Askari wa miguu ana kazi gani karibu na kifaru?

Swali
Wakuu, habari zenu. Kwenye picha za mazoezi ya pamoja ya majeshi naona askari wanatembea kandokando ya vifaru. Kifaru kina chuma kinene na mzinga, mwenye bunduki anakiongezea nini? Na mbona hawajibanzi nyuma yake wakajikinga?

Jibu, askari wa miguu mstaafu
Mkuu, kifaru kikishafunga vifuniko, waliomo wanaona nje kwa vioo vyembamba na darubini tu. Adui aliyelala mtaroni ubavuni kwao hawamwoni. Sisi ndio macho yao. Oktoba 1973 kule Sinai, vifaru vya Israel vilitangulia bila askari wa miguu wa kutosha, vikapigwa na makombora ya Sagger yaliyobebwa na askari wa Misri. Mwisho wa 1994 Warusi wakaingiza vifaru Grozny, mji mkuu wa Chechnya. Wapiganaji wa Chechnya waliviwinda kutoka ghorofani na vyumba vya chini, ambako mzinga haufiki. Vijana wengi waliungulia humo, na inaniuma kila nikisoma habari zao.

Kujibanza nyuma usijaribu. Abrams ya Marekani ina injini ya jamii ya zile za helikopta, na hewa inayotoka nyuma yake inaunguza. Mbele nako ni hatari: risasi ya kutoboa vifaru ikitoka mtutuni huachia vipande vinavyoweza kumuua aliyetangulia. Vifaru vingine vimevikwa matofali ya baruti ya kupangua makombora, na yakilipuka hayachagui rafiki.

Swali tena
Asante afande. Na majeshi mawili yakichanganyika, redio na lugha tofauti?

Jibu, yuleyule
Hapo ndipo kazi ilipo. Kabla injini haijawashwa, kamanda wa kifaru na kiongozi wa kikosi wanachuchumaa juu ya ramani ya mchanga, mawe yakiwa nyumba, kamba ikiwa barabara. Wanakubaliana: moshi wa rangi hii maana yake nini, ngumi juu maana yake nini, nani anaonyesha shabaha kwa risasi za mwanga. Vifaru kadhaa vina simu nyuma, unainua mkono wa simu unaongea na waliomo. Nilisisitiza kila kijana aishike mwenyewe mchana, maana usiku wa vumbi hutaipata kwa kupapasa.

Jibu, dereva wa gari la deraya
Naongezea: kambini gari lisisogee bila mtu anayeliongoza kwa miguu, na asitembee kinyumenyume. Mimi nikimpoteza machoni, nasimamisha palepale. Na msilale karibu na magari, hata mvua ikinyesha.