Tupeane uzoefu: samaki mkubwa, chombo kidogo (Unguja na Pemba)

Omo Tezi (Mkokotoni)

Assalaam alaykum wana bahari. Kaskazi imetulia, maji ya nje ya mwamba yamekuwa buluu, na kila ninayekutana naye dikoni ana kisa cha samaki aliyemburuta. Tuvilete hapa basi. Sharti ni moja: chombo kiwe kidogo. Wenye boti za mashine mbili na kiti cha kupigania samaki wanakaribishwa pia, ila watueleze kilichotokea, si kilo tu.

Naanza mimi. Tulitoka Nungwi alfajiri kwenda Fungu la Leven, boti ya faiba ya futi 21, mashine moja, watu watatu. Pale ni mlima uliozama. Pembeni mwake kilindi kinashuka ghafla, mkondo unagonga ukuta na kupanda juu, vibua na dagaa wanajaa, sehewa (jodari wadogo) wanawafuata vibua, na anayewafuata sehewa ndiye tuliyemwendea. Tukatia sehewa hai kwenye ndoana, tukamwachia taratibu nyuma ya tezi (sehemu ya nyuma ya chombo), mashine ikienda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Nduwaro, yule samaki mkubwa mwenye pua ndefu kama upanga, hakumla mara moja. Alikuja kivuli cha zambarau, akampiga sehewa kwa upanga, akapotea. Mwenye fimbo ya kuvulia alitaka kuvuta palepale. Nahodha akamwambia amwachie ameze. Tukasubiri. Kisha rili (gurudumu la mshipi) ikalia, na yule bwana akatoka majini mzima mzima, mbali kabisa na tulipokuwa tunatazama.

Hapo ndipo vyombo vidogo vinapopata ajali. Watu wote wanakimbilia upande mmoja kumwona samaki akiruka, wimbi linawakuta ubavuni, basi mnajipindua wenyewe wala samaki hana habari nanyi. Mkondo wa pale unapanda kaskazini, na upepo wa kaskazi unateremka. Vikikutana, wimbi linakuwa fupi na limesimama wima. Tunaokumbuka meli ya MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011, hatuichezei njia ile.

Nahodha alituketisha, akamweka samaki upande wa omo (mbele ya chombo), akawa anamfuata polepole ili mwenye fimbo ajaze mshipi kwenye rili. Alipozama hatukushindana kumwinua. Boti ilisogea mbele, mshipi ukabadili pembe, akaanza kupanda mwenyewe. Adhuhuri ilikaribia alipolala ubavu. Hakuingia botini, hata nusu yake tusingekuwa na pa kuiweka. Mshipi ulikatwa karibu na mdomo.

Kwa hiyo mimi nasema samaki mkubwa kwenye chombo kidogo anavuliwa na mkono ulioshika mashine. Mwenye fimbo ni shahidi mwenye jasho. Nani anabisha?

Matengo Mawili (Matemwe)

Nabisha, ami. Sisi wa ngalawa hatuna mashine ya kushika na jodari tunawatoa.

Tulikuwa tunarambaza (tunavuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda) nje ya kisiwa cha Mnemba, ndege wanashuka kwa fujo, mshipi wa mkono umefungwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi ili ule mshtuko wa kwanza usikate kitu. Mpira ukanyooka ukawa mwembamba, tukajua huyu si sehewa. Kwanza tanga chini. Pili mshipi tukaupeleka omo, kwa sababu akivuta ubavuni tengo moja (ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke) linazama na jingine linaning'inia hewani. Baada ya hapo ngalawa nzima ikawa ndiyo breki yake, akatuburuta mpaka hoteli za ufukweni hatuzioni tena.

Jodari akichoka anazunguka chini yako. Akigeuka kuja kwako unavuta, akigeuka kwenda unashika tu, na kila duru anapanda kidogo. Mwenzangu alivaa vipande vya mpira vidoleni. Na msiuzungushe mshipi mkononi hata kwa sekunde moja. Anayetaka sababu aje amwangalie baba yangu kidole cha shahada.

Dalali (Malindi, Mjini)

Kisa kitamu, lakini mlimfanya nini baadaye? Kwangu mimi hapo ndipo penye habari. Jodari aliyepigana muda mrefu mwili wake unapata moto, nyama inapauka na kulegea. Akilazwa juani juu ya hilo, anatengeneza sumu: mlaji anawaka uso, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, na kumpika hakusaidii kitu. Mtoe damu akiwa bado anapiga mkia, matumbo nje, kisha barafu. Kuna samaki wanaletwa mnadani wakubwa wa kutisha, wanunuzi wakikata kipande wakaona rangi wanarudi nyuma, halafu vijana wanasema dalali kawaonea.

Matengo Mawili

Damu tulimtoa. Barafu kwenye ngalawa, kaka, utuletee wewe. Tulimfunika magunia tukawa tunayamwagia maji hadi pwani.

Mkwe wa Makangale (Pemba)

Nyie wa Unguja mwasimulia waliofika juu. Mie nasimulia wa kisu.

Ukitoka Ras Kigomasha kuelekea magharibi huendi mbali, chini pameshakatika, mkondo wa Pemba huo, yaani mlango wa bahari kati ya Pemba na bara, kina cha mita mia kadhaa. Ndiyo maana nduwaro na sulisuli wanapita karibu na nchi kavu. Tulikuwa na mashua ndogo, mashine ya farasi 15 nyuma, mkwe wangu kashika usukani. Alasiri samaki akashika. Hatukumwona hata mara moja. Hakuruka, hakuzunguka, alichukua njia ya bara akaenda nayo, na sie nyuma yake.

Jua likawa linashuka. Vijana wanapokezana mshipi, kila mmoja anasema bado kidogo, huyu kachoka. Minara ya Pemba haionekani. Mkwe wangu akauliza swali moja tu: "Mafuta ya kurudi yapo?" Kila mtu akamtazama mwenziwe. Akainua dumu, akalitikisa, akasogea omo na kisu.

Tuliingia dikoni isha imeshaswaliwa, mashine ikakohoa na kufa tukiwa tumeshaona taa. Kwa muda mrefu mtaani tuliitwa waliokata. Lakini nawaambia, dumu lile likitikiswa hata mngekuwa nyie mngesikia jibu. Hapo mwenye mashine na mwenye fimbo wote hawana kauli, ni petroli.

Sehewa Mmoja

Kisu cha mkwe hakijadiliwi 😂

Nahodha wa Wageni (Nungwi)

Nirudi kwa Omo Tezi alipokata mshipi. Mie kazi yangu ni kuwatoa wageni, na nduwaro wengi tunawaachia. Mwanzo wazee waliniuliza kama nina akili timamu: mtu analipa, anatoka jasho, halafu chakula anakirudisha baharini! Sasa wamezoea. Nduwaro wakubwa kupita kiasi karibu wote ni majike, dume habebi mwili ule. Ukimuua yule umeua na mayai yake.

Ila kumwachia nako kuna kazi. Mashine iwe gia ya mbele, mwendo mdogo, umshike upanga kwa glavu nzito, maji yapite kwenye matamvua mpaka apige mkia mwenyewe. Ukimtupa hivihivi anazama anakufa usimwone, wewe unaondoka umeridhika. Wanaomvuta juu ya ubavu wa boti ili wapigwe picha, mie siwapendi na nawaambia. Mwendo ule unasaidia jambo jingine pia, samaki hapati nafasi ya kuingia chini ya boti. Tumieni ndoana za duara kwa chambo hai, zinashika pembe ya mdomo badala ya tumboni.

Mwenye ngalawa simhubirii. Yeye kaenda kutafuta chakula.

Sehewa Mmoja

Na mkubwa kabisa aliyevuliwa kwa fimbo duniani alikuwa kiasi gani?

Nahodha wa Wageni

Wa nduwaro mweusi ni wa Cabo Blanco, Peru, mwaka 1953, kilo 707. Mfikirie ubavuni mwa faiba ya futi 21.

Fundi Mashine (Kizimkazi)

Sisi tulikwenda Fungu Kizimkazi, lile ambalo ramani za Wazungu zinaliita Latham. Kisiwa tambarare katikati ya bahari kuu, kusini-mashariki ya Unguja, kimejaa ndege. Huko usiende chombo kimoja. Tulikwenda viwili, habari tukaziacha nyumbani na kwa KMKM (kikosi cha kuzuia magendo baharini), kwa sababu simu inakuwa saa ya kutazamia wakati tu.

Jodari wapo, hilo halina ubishi. Taabu ni papa. Unapigana, unapigana, mara mshipi unakuwa mzito, mara mwepesi, unatoa kichwa kitupu chenye macho. Tukatoa vichwa. Vijana wakasema tukazane, jodari bado wanakula. Kumbe tulikuwa tunawapakulia papa. Papa wakianza kutoza kodi, hama. Tulisogea mbali kabisa upande wa pili wa kisiwa na ndipo tukapata wazima.

Chipukizi (Mkoani)

Shikamooni wakubwa. Nina ngalawa ya marehemu babu, sina rili wala mashine. Nianze na nani kati ya hao?

Mkwe wa Makangale

Marahaba mwanangu. Nduwaro mwache kwanza. Rambaza pembeni mwa mwamba utafute nguru na mzia, maji yakianza kujaa. Kolekole atakufunza nguvu, huyo hukimbilia mwambani akasaga mshipi, kwa hiyo mzuie mapema. Kisu kiwe omo, kimefungwa kamba, kila mtu ajue kilipo. Na siku ya matlai (upepo wa asubuhi utokao mashariki) ukikuta gogo linaelea nje, usiligonge, pita kando yake. Fulusi hukaa chini ya vitu hivyo. Ukimpata wa kwanza usimtoe haraka, mwache kwenye mshipi aogelee ubavuni, wenziwe hawatoki alipo, wakati huo mwenzako anatia chambo cha pili.