Maneno ya kukaanga kwenye mapishi ya Kijerumani: braten, frittieren, ausbacken

Kutoka: Leipzig

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba msaada kwa wanaojua. Mapishi ya Kijerumani yana braten, anbraten, frittieren, ausbacken, andünsten, rösten, na kamusi inayarudisha karibu yote kwenye "kukaanga". Kila moja linataka mafuta kiasi gani, na moto gani? Na dukani, chupa ipi inafaa kwa maandazi na sambusa?

Kutoka: Kassel

Dada, salama. Anza kwa kuangalia wingi wa mafuta, mengine yatakaa sawa.

Frittieren ni chakula kuzama kabisa kwenye mafuta, nyuzi 160 hadi 175. Sambusa, bajia, kachori na chipsi ziko hapa. Tumia sufuria yenye kina na mafuta yasipite nusu yake, kwa sababu chakula chenye maji kikiingia, mafuta huchemka na kupanda. Chipsi gramu 100 zinataka lita moja hadi moja na nusu ya mafuta. Ukirundika, joto linashuka ghafla, ganda halishiki upesi, na chakula kinakunywa mafuta. Usipite 175 kwa viazi na vitu vya unga: vikiungua kuwa kahawia nzito, kemikali iitwayo akrilamidi huongezeka, na hiyo si nzuri kwa afya.

Ausbacken ni kwa unga uliokandwa au rojo la unga. Wenyewe wanapikia Berliner (donati zenye jamu ndani) na Quarkbällchen (vidonge vya unga na jibini laini), sisi tutaweka maandazi, mahamri na kaimati. Ukikuta "schwimmend ausbacken", maana yake kitu kielee: mafuta yawe na kina cha kutosha andazi lisiguse chini, kisha unaligeuza. Joto ni 160 hadi 170. Juu ya hapo nje linaiva na ndani linabaki bichi. Chini ya hapo linatoka zito, limelowa mafuta. Kama huna kipimajoto, chovya mpini wa mwiko wa mbao mkavu: povu dogo likipanda mfululizo kuuzunguka, tosa. Likiwa halipandi, subiri. Likivuma kwa nguvu, punguza moto.

Braten ni kikaangio na mafuta kidogo, kijiko kimoja hadi viwili vya chakula. Kwenye mapishi vinaandikwa EL, kila kimoja mililita 15. TL ni kijiko cha chai, mililita 5. Bratkartoffeln, kwa mfano, ni viazi vilivyokwisha kuchemshwa, vikakatwa vipande na kukaangwa hivyo.

Anbraten ni kuipa nyama rangi tu, haiivi hapo. Ikiandikwa "scharf anbraten", usitafute pilipili! Hapo scharf ni moto mkali. Kausha nyama kwa karatasi, weka vipande vichache, usiviguseguse, dakika mbili hadi nne kila upande. Ukijaza kikaangio nyama inatoa maji na inachemka, rangi haiji. Baada ya hapo mara nyingi inafuata schmoren: unaongeza maji au supu kidogo, unafunika, moto mdogo.

Andünsten, au anschwitzen, ni vitunguu kwenye mafuta kidogo na moto wa chini mpaka vilainike na kung'aa bila kupata rangi. Hali hiyo wanaiita glasig. Inafaa kuungia mboga. Kwa pilau haitoshi, utapata pilau nyeupe. Vitunguu vya pilau viendelee mpaka viwe kahawia, yaani goldbraun.

Rösten mara nyingi haina mafuta kabisa: "ohne Fett rösten" ndivyo unavyokaanga binzari nyembamba na iliki kavukavu kabla ya kusaga. Na Backfisch isikupeleke kwenye oveni, ni samaki wa kuchovya kwenye rojo na kukaangwa.

Kutoka: Bremen

Kaka wa Kassel kamaliza maneno, mimi naongeza mafuta. Kwa maandazi na sambusa chukua chupa iliyoandikwa raffiniert (yaliyosafishwa), ya Rapsöl (mafuta ya rapa) au Sonnenblumenöl (ya alizeti), au ile yenye maneno "zum Braten und Frittieren", yaani ya kukaangia. Iliyoandikwa kaltgepresst (yaliyokamuliwa bila joto) au nativ (yasiyosafishwa) iache kwa saladi, inawahi kutoa moshi. Siagi na margarini zina maji, zinaruka na siagi inaungua haraka; Butterschmalz ni siagi iliyoondolewa maji, karibu sawa na samli yetu, hiyo inahimili moto.

Manda za sambusa: Frühlingsrollenteig, yaani manda nyembamba za spring roll, inafaa sana. Nyama ya ndani iwe kavu na iliyopoa, la sivyo manda zinalowa na kupasuka kwenye mafuta. Zilizogandishwa zitose bila kuziyeyusha, chache kwa mara moja.

Jiko la induksheni lina kitufe cha booster: usikitumie kupashia mafuta, yanavuka kiwango kabla hujageuka.

Kutoka: Leipzig

Asanteni sana. Na mafuta yakishika moto? Yaliyotumika yanatupwa wapi?

Kutoka: Kassel

Usimwage maji kamwe. Yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka jikoni kote. Zima jiko, funika kwa mfuniko wa chuma, usihamishe sufuria, usifunue mpaka ipoe kabisa. Moto ukikushinda, toka, funga mlango, piga 112, nambari ya dharura. Kizimamoto cha mafuta ni kile chenye herufi F.

Mafuta yaliyotumika yachuje yakiwa yamepoa. Yakitoa povu jingi, yakinata au kutoa moshi mapema, yamekwisha. Usiyamwage kwenye sinki, yanaganda kwenye bomba. Yarudishe kwenye chupa ya plastiki, funga vizuri, weka kwenye Restmüll, yaani pipa la taka za kawaida. Baadhi ya miji ina vituo vya kuyapokea, na tovuti ya kampuni ya taka ya mji wako itakuonyesha.