Naombeni ushauri: maswali ya watoto kwenye kipindi cha afya na mahusiano

Walimu wenzangu, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Nafundisha stadi za maisha, afya na mahusiano kwa watoto wa miaka 9 hadi 11. Usafi, urafiki, uonevu, hayo hayanisumbui. Kinachonitoa jasho ni balehe. Wapo wasichana wanaoanza mabadiliko wakiwa na miaka 8 na wavulana miaka 9, kwa hiyo kungoja madarasa ya juu ni kuchelewa. Sitaki binti aone hedhi ya kwanza akadhani ameumia.

Nimeweka sanduku la maswali, wanaandika bila majina. Wameliitikia, tena kupita kiasi! Mengine nikiyajibu mbele ya darasa zima, wapo ambao hawajafika huko. Nikiyaruka, watakwenda kuuliza simu. Na je, karatasi ikidokeza kuwa mtoto anaguswa vibaya? Nimeshawaambia siri ya namna hiyo siitunzi, naipeleka kwa mwalimu wa ulinzi wa watoto, lakini karatasi haina jina.

Nyie mnafanyaje? Wavulana na wasichana mnawatenganisha? Wazazi je, mnawaita kabla ya mada au baada? Mimi naegemea kabla, japo mwenzangu anasema najitafutia kesi.