Je, msaada kwa wafanyakazi wa viwanda vilivyozidiwa na bidhaa za nje bado upo Marekani?

Swali: Wanajamvi, kiwanda cha samani nilichofanyia kazi hapa Marekani kimefungwa kwa kuzidiwa na bidhaa za nje, na mashine niliyoiendesha imeshapakiwa kwenye lori. Je, ule mpango wa serikali ya shirikisho wa kuwasaidia wafanyakazi kama mimi (Trade Adjustment Assistance) bado upo?

Jibu la 1: Pole sana. Mpango huo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1962 na kupanuliwa mwaka 1974, uliwaruhusu hata wafanyakazi watatu tu kuwasilisha ombi kwa Wizara ya Kazi, na likikubaliwa walilipiwa mafunzo ya kazi nyingine pamoja na posho. Tangu Julai 1, 2022, wizara haiidhinishi maombi mapya, kwa kuwa Bunge halikuurefusha muda wake.

Jibu la 2: Waliofikisha miaka 50 na kupata kazi yenye ujira mdogo zaidi walifidiwa nusu ya pengo la mshahara, kwa kikomo cha dola 10,000 katika miaka miwili; kwa maoni yangu hicho ndicho kipengele kilichofaa kuliko vyote, maana si rahisi mtu wa umri huo kurudi darasani. Kwa sasa, ulizia mafunzo ya waliopunguzwa kazini katika kituo cha ajira cha jimbo lako.