Eti babu zetu "walibeba mizigo tu"? Yule mtangazaji atuombe radhi LEO

Wakuu, naandika huku natetemeka. Mnamjua. Yule wa asubuhi, bingwa wa kila kitu kuanzia bei ya mchele mpaka sayari. Leo mada ilikuwa Mjerumani na Mwingereza walivyopigania ardhi yetu 1914 mpaka 1918. Nikapiga simu, nikauliza kistaarabu: mbona kipindi kizima ni makamanda tu, Lettow-Vorbeck wa Mjerumani na Smuts wa Mwingereza, hao waliobeba silaha na chakula chao je? Akacheka. Hewani, nchi nzima inasikia! "Mzee, hao walibeba mizigo tu." Akanikatia, akaweka taarabu.

MIZIGO TU!

Vita ya Tanga akaimaliza kwa sentensi moja, eti nyuki waliwafukuza Waingereza. Novemba 1914 walishuka Ras Kasone watu karibu 8,000 walioletwa na meli kutoka India. Mjerumani alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Nyuki walikuwepo, na waliuma pande zote mbili. Ni nyuki waliookota bunduki za mashine 16 na risasi 600,000 Mwingereza alipokimbilia melini?

Halafu mizigo TU. Meli ya kivita ya Mjerumani, Königsberg, ilipomalizwa Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 ilitolewa, ikakokotwa nchi kavu kwa kamba na mabega ya watu. Ule ni mzigo tu? Wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza peke yake ni zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, siyo risasi. Unga mbichi, mvua, kilo 25 kichwani, na ukianguka anaitwa mwingine auchukue. Baba wa babu yangu alichukuliwa shambani, jembe likabaki limesimama kwenye tuta. Hakurudi, na kaburi hatulijui. Leo mtu aliyeshiba chapati anacheka, "mizigo tu"!

Chumbageni Damu: Mkuu, gombana na mtangazaji, nyuki wa Tanga waache. Wale ni mashujaa wetu.

Mpemba Mkavu: Siku ya kazi, asubuhi yote ile, unapigia redio. Mwajiri wako anajua?

Mwenye uzi: Natoka zamu ya usiku. Jibu hoja. Amesema MIZIGO TU, akacheka.

Bibi Harusi: Mimi nilisikia. Alicheka kweli, tena cheko la dharau. Pole kaka.

Mutoto wa Bukavu: Nyinyi muko na bahati, munatajwa hata kwa kuchekwa. Tabora ilikamatwa na askari wa Kongo, mwezi wa 9, 1916. Hakuna hata mutu moja anatutaja.

Wa Nairobi: Kwetu sanamu ya Kenyatta Avenue iko na mpagazi, amesimama pamoja na askari. Yenu ya Posta, Dar, iko na mpagazi?

Chumbageni Damu: Haya, na mlima nao ni wenu, siyo?

Wa Nairobi: Nani ametaja mlima?

Chumbageni Damu: Mnautaja kwenye matangazo yenu ya utalii kila siku ya Mungu!

Mwenye uzi: Jamani, Kariakoo yenyewe ilikuwa kambi ya hao wapagazi. Watu wananunua viatu pale hawajui wanakanyaga nini. Mtu anasema mizigo tu!

Dereva Mstaafu: Posta mmenikumbusha machungu. Nimesimama kununua vocha tu, narudi nakuta tairi limefungwa mnyororo. Kijana ananiambia "mzee, sheria."

Mpemba Mkavu: Hao ndio wa kufunguliwa uzi! Mimi walinifunga nikiwa nimekaa ndani ya gari.

Bibi Harusi: Ndani ya gari?!

Mpemba Mkavu: Ndani, na injini inawaka.

Mwenye uzi: WAKUU, TURUDI KWENYE MADA.

Wa Nairobi: Kwanza huyo wa mnyororo atuambie, alilipa ngapi?