Tiketi 2026: Worcester au Portland? Nawafuata chipukizi wa Red Sox

Mlandege_NE
Wakuu, heshima kwenu. Msimu wa 2026 nataka kuchukua tiketi za ligi ndogo niwaone chipukizi wa Red Sox, timu ya beisiboli ya Boston, kabla hawajapanda ligi kuu. Nimekwama kati ya Worcester (Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu) na Portland (Double-A, ngazi moja chini yake). Moyo uko Portland kwa sababu ya Franklin Arias, yule kijana wa Venezuela aliyepandishwa huko mwishoni mwa msimu uliopita. Akilinda pale kati ya beisi ya pili na ya tatu ni raha tupu, naona ndiye wetu wa miaka kumi. Ipi inalipa?

Bi_Mkubwa_Lowell
Funguka basi mkuu. Unakaa wapi? Una familia? Msimu mzima au mechi za kuchagua?

KochaJuma
Hata asipofunguka, jibu ni Worcester. Mayer, Campbell, Anthony, wote wamepita pale kabla ya Boston. Juni 2025 Anthony alipiga hom rani (pigo la kuutoa mpira nje) ya futi 497 na jezi ya Worcester, siku mbili baadaye yuko Fenway, uwanja wa Red Sox. Na Polar Park, uwanja wa Worcester, ukishuka treni Union Station unatembea tu.

Papa_Uvira
Hiyo ya futi 497 aliipiga Rochester, ugenini. Mwenye tiketi ya Polar Park aliiona kwenye simu kama mimi. Ndugu Mlandege, njoo Portland. Hadlock Field wameiga ule ukuta wa kijani wa Fenway, na jukwaani hukosi mtu wa kuongea naye Kiswahili, Wakongo tumejaa.

Mtu_Pwani
Kabla hujatoa hela sikiliza yaliyonikuta. Nilikuwa jimbo jingine, nikanunua kifurushi cha Jumamosi cha timu moja, siitaji, kwa ajili ya mrushaji mmoja tu. Ligi ndogo mrushaji wa kuanza huingia takriban mara moja kwa wiki. Zamu yake ikaangukia Jumatano. Napiga simu ofisi ya tiketi, naambiwa kubadilisha ni kwa ada, kila tiketi, na niombe siku mbili kabla. Wakati huohuo majina ya warushaji wanayatoa jana yake! Zamu ikaja kusogea, nikampata Jumamosi. Karusha raundi moja, mvua. Turubai likatandazwa, tumekaa na hotdogi zilizopoa mpaka saa nne usiku, mechi ikaahirishwa. Wiki iliyofuata kijana kapandishwa. Mimi nimebaki na tiketi ya fidia, nikamwangalie nani?

KochaJuma
Ndiyo maana unafuata wapigaji, wao wako uwanjani karibu kila siku.

Mtu_Pwani
Mwambie hivyo aliyemwona Tolle mwaka jana. Mrushaji huyo kaanzia Greenville, chini ya Portland, Agosti yuko Boston anapambana na Skenes, mrushaji nyota wa Pittsburgh. Mpigaji gani wa kukupa raha hiyo?

Mlandege_NE
Samahanini, nilikuwa kazini. Niko Manchester, New Hampshire. Mke na watoto wawili. Si msimu mzima, mechi kama kumi hivi.

Bi_Mkubwa_Lowell
Manchester?! Na Fisher Cats, timu ya Double-A, unao hapohapo kando ya mto Merrimack? Wako Eastern League, kundi moja na Portland. Timu ngeni huingia Jumanne inaondoka Jumapili, mechi sita. Arias akiwa bado Double-A atakufuata mlangoni, petroli ya nini?

Mlandege_NE
Dada, Fisher Cats wanalea chipukizi wa Toronto. Mimi na Toronto wapi na wapi?

Bi_Mkubwa_Lowell
Mwaka 2018 nyota Guerrero Jr. na Bichette walikuwa hapo wakiwa chipukizi, na timu ikabeba ubingwa. Waliokuwa na msimamo kama wako walikaa nyumbani.

KochaJuma
Na huyo Arias msimzoee sana. Chipukizi Teel alikuwa anatajwa pamoja na akina Anthony, Desemba 2024 kapelekwa Chicago. Desemba 2025 Garcia, yule wa jina la utani "Password", kapelekwa Pittsburgh.

Papa_Uvira
Teel ndiye tuliyembadilisha tukampata mrushaji Crochet. Acha kulia.

KochaJuma
Nani analia? Nasema tu uongozi huu ukiona mrushaji, chipukizi hana kwao.

Mtu_Pwani
Pittsburgh si ndio wana yule Mganda?

Papa_Uvira
Ndio, David Matoma, mrushaji. Dodgers nao mwaka 2022 walisajili wawili, Ben Serunkuma na Umar Male.

Bi_Mkubwa_Lowell
Waganda hawajaanza leo. 2011 vijana wao walifuzu kwenda Williamsport, kwenye mashindano ya dunia ya watoto (Little League), wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, Uganda, wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika.

Mlandege_NE
Matoma akifika Double-A anachezea Altoona, timu ya Pittsburgh ya ngazi hiyo, na Altoona wako Eastern League. Huwa wanakuja huku?

KochaJuma
Ratiba ya 2026 ishatoka. Kuna aliyeipakua?