Naomba ushauri: utafiti wa mvua za radi, nitumie data zilizopo au niendeshe modeli?

Habari zenu wakuu, hasa wataalamu wa hali ya hewa mliomo humu.

Nipo mwaka wa mwisho, shahada ya kwanza ya meteorolojia. Radi ni ugonjwa wangu tangu utotoni: wenzangu wakikimbilia ndani, mimi nabaki dirishani nikihesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo (kila sekunde 3 ni kama kilometa 1). Sasa natakiwa kuwasilisha andiko la utafiti, nimekwama.

Nataka kuchunguza kwa nini siku mbili zenye joto na unyevu unaofanana, moja inazaa dhoruba na nyingine inapita kavu. Nimepakua data za ERA5 (rekodi za hali ya hewa ya dunia nzima, zilizojengwa kwa kuchanganya vipimo na modeli ya kompyuta), zinazotolewa kwa kila saa kuanzia 1940, nikazichora kwa Python (lugha ya kuandikia programu). Tatizo, miraba inayoigawa ramani yake ina upana wa kilometa 31 hivi, na wingu moja la radi linaweza lisifike hata 10. Yaani ninachokitafuta kinapotelea ndani ya mraba! Msimamizi ananishauri niendeshe modeli ya WRF (programu ya kompyuta inayoigiza hali ya hewa) kwa miraba ya kilometa 3 au chini ya hapo, lakini kompyuta yangu haiubebi mzigo huo.

Je, kwa ngazi yangu inatosha kutumia ERA5 kuchunguza mazingira ya dhoruba tu, mfano upepo unavyobadilika kadiri ya kimo, kisha nilinganishe na picha za setilaiti? Na kwa anayelenga uzamili, nikazanie kwanza hisabati au uandishi wa programu?

Aliyepita njia hii anijuze, hata kwa kifupi.